Samawati Ipi Ndiyo Sahihi? Kuhukumu Rangi na Umbo la Modeli ya Gari

Swali

Shikamoo mwalimu. Nakusanya modeli za magari ya mashindano ya zamani. Ninazo Porsche 917 mbili za timu ya Gulf (iliyobeba jina na rangi za kampuni ya mafuta ya Gulf), na zote zimeandikwa kuwa ni gari namba 20 la Le Mans 1970, zile mbio za saa 24 za Ufaransa. Moja ni ya skeli ya 1:18, yaani ndogo mara 18 kuliko gari halisi, ya aloi ya zinki, milango na mkia vinafunguka. Nyingine ni ya 1:43, ya kampuni tofauti. Nikiziweka pamoja samawati zake hazipatani kabisa: kubwa inaelekea kijani, ndogo imepauka na ina uzambarau. Mstari wa chungwa wa ile ndogo nao umeingia ukahawia. Ipi iko sahihi? Na mimi ambaye sijawahi kuliona gari lenyewe, nitajuaje kama umbo limetendewa haki? Nimefikiria kuipaka upya iliyokosewa, lakini mkono unasita.

Jibu

Marahaba. Usiguse brashi kwanza. Swali lako haliwezi kujibiwa mpaka useme mambo matatu: unalinganisha na gari lipi hasa, lilivyokuwa siku gani, na umezitazama modeli zako chini ya mwanga upi. Mambo hayo yasipotajwa, watu wawili wenye macho mazuri watabishana usiku kucha na wote watakuwa na hoja.

Naanza na mwanga, kwa sababu huo unaweza kuushughulikia leo hii. Rangi mbili zilizochanganywa kwa unga tofauti zinaweza kufanana mchana, kisha zikaachana jioni taa zikiwashwa. Kila unga hurudisha sehemu yake ya mwanga, na jicho hupokea jumla tu. Taa ikibadilika, jumla hubadilika, na haibadiliki kwa kiasi sawa kwa rangi zote mbili. Samawati ya Gulf huumizwa sana na jambo hili kwa kuwa ni rangi nyepesi, yenye nyeupe nyingi ndani yake. Nyekundu iliyokolea ikisogea kidogo, wengi hawatagundua. Samawati nyepesi ikisogea kiasi hicho hicho, kila mtu ataiita kijani au zambarau. Taa za tyubu za kawaida huisukuma kuelekea kijani. Taa za LED zisizo bora hukosa wekundu wa kutosha, na hapo mstari wako wa chungwa hufifia hata kama kiwandani ulipakwa vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchana, kivulini, mahali jua lisipofika moja kwa moja, tandika karatasi ya kijivu isiyong'aa na uweke modeli zote mbili juu yake. Usivae shati lenye rangi kali, maana bodi inayong'aa hurudisha kila kilicho mbele yake na utajikuta unahukumu shati lako. Zitazame, kisha zibadilishane nafasi, kisha zigeuze upande wa pili. Baadaye rudia kazi hiyo ndani, chini ya taa unayotumia kila siku. Tofauti ikipungua sana nje, jua kwamba lawama kubwa ni ya taa. Ikibaki vile vile, basi ni tofauti ya kweli na tunaweza kuendelea. Kama huna nafasi ya kutazama mchana, tafuta balbu ya kati ya Kelvini 5000 na 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) yenye kiwango cha CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, kisichopungua 90. Namba hizo mara nyingi huchapishwa kwenye boksi la balbu.

Kuna kifaa kingine ninachokithamini kuliko vyote, na ni kipande cha karatasi ya kijivu chenye matundu mawili madogo. Kiweke juu ya modeli ili uone samawati peke yake, bila chungwa pembeni. Chungwa na samawati zikikaa bega kwa bega, kila moja huifanya mwenzake ionekane imekolea zaidi. Ndiyo maana magari yale yalipendeza hata kwa mbali, na ndiyo maana jicho lako linadanganyika kwa karibu: modeli yenye mstari mpana kidogo, au wenye chungwa kali kidogo, itaonekana kuwa na samawati tofauti hata kama kopo la rangi lilikuwa lile lile. Tundu moja liwe juu ya samawati ya modeli kubwa, jingine juu ya ile ndogo. Utakachokiona hapo ndicho cha kubishania.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. Rangi rasmi za kampuni ya Gulf zilikuwa buluu iliyokolea na chungwa. Samawati hafifu ilitoka kwa kampuni ya mafuta ya Wilshire ya California, ambayo Gulf iliinunua, na iliingia mashindanoni mwaka 1967 kwenye gari la Mirage lililoandaliwa na timu ya John Wyer. Baadaye ikavaliwa na Ford GT40, ikiwemo ile yenye chasi namba P/1075 iliyoshinda Le Mans mara mbili mfululizo, mwaka 1968 na 1969. Mwaka 1970 timu hiyo hiyo, JW Automotive ya Slough huko Uingereza, ikaanza kuendesha Porsche 917. Namba 20 yako iliendeshwa na Jo Siffert na Brian Redman, na haikumaliza mbio. Ushindi wa mwaka ule ulikwenda kwa 917 nyekundu na nyeupe, namba 23, ya Hans Herrmann na Richard Attwood.

Nakueleza hayo kwa sababu moja. Gari la mashindano hupakwa, hugongwa, hubadilishiwa vipande vya bodi na kupakwa tena kati ya mbio moja na nyingine. Bodi ya 917 ilikuwa ya nyuzi za kioo, nyembamba sana, na rangi ilipakwa na mafundi. Usitarajie kwamba kila kipande kilicholetwa kwa wiki tofauti kilikuwa na samawati sawasawa kama iliyotoka kwenye mashine ya kisasa. Mtu akikuambia ana namba kamili ya rangi ya Gulf, mshukuru, lakini ichukue kuwa ni mahali pa kuanzia. Hata fomula ya zamani ikifuatwa neno kwa neno leo, unga wenyewe huenda si ule tena: rangi nyingi za njano na chungwa za enzi zile zilitegemea misombo ya risasi na kromiamu, ambayo viwanda vingi vimeshaiacha.

Na gari lililobaki hadi leo? Hilo nalo ni shahidi wa kuhojiwa. 917 ya kwanza kabisa, chasi 001, kwa miaka mingi ilionyeshwa ikiwa imevaa nyekundu na nyeupe za mshindi wa 1970, ingawa si yenyewe iliyoshinda. Mwaka 2019, katika kuadhimisha miaka 50 ya 917, Porsche wakairudisha kwenye nyeupe na kijani ilivyokuwa mwaka 1969. Mkusanyaji aliyepiga picha ya gari lile kabla ya hapo na kuitumia kama ushahidi alikuwa na picha nzuri ya rangi isiyo ya gari hilo. Gari lililorekebishwa linakuambia alichoamua mrekebishaji. Linaweza kuwa sahihi kabisa, lakini uamuzi wake lazima nao uwe umeegemea kitu.

Kwa hiyo unarudi kwenye picha za siku yenyewe, na hapa pana utajiri mkubwa kwa anayejua kusoma picha. Mbio zile zilifanyika tarehe 13 na 14 Juni 1970, zikaanza saa 10 jioni, na mvua ikanyesha sana. Picha ya gari kabla ya mbio, chini ya wingu, itakuwa na ubuluu ambao gari halikuwa nao. Picha ya jua linapozama itakuwa na unjano. Filamu za rangi za wakati ule nazo zimezeeka kila moja kwa njia yake: Kodachrome iliyotunzwa gizani hudumu vizuri, lakini filamu na picha nyingi nyingine hupoteza rangi yake ya siani (buluu yenye ukijani) kwanza, na picha nzima huvutwa kuelekea wekundu. Ikishachapwa gazetini kwa wino nne, chungwa kali haliwezi kufikiwa hata mchapaji angekuwa hodari namna gani.

Usikate tamaa, kwa sababu ndani ya picha yenyewe mara nyingi kuna kipimo. Tafuta duara jeupe la namba ubavuni mwa gari. Kama duara lile limekuwa la njano pichani, basi samawati yote pichani imesogezwa kuelekea kijani kwa kiasi hicho hicho. Kama duara lina ubuluu, samawati imeongezewa. Kwenye programu ya kuhariri picha, rekebisha mpaka duara liwe jeupe na lami iwe ya kijivu, kisha ndipo uitazame bodi. Fanya hivyo kwa picha kadhaa za wapiga picha tofauti. Zitaanza kukusanyika mahali pamoja, na mahali hapo ndipo pa kuilinganisha modeli. Mimi huamini picha nne za kawaida zilizorekebishwa hivi kuliko picha moja maridadi ambayo sijui ilipitia mikono ya nani.

Nirudi kwenye modeli zako, maana nadhani kila moja ina hadithi yake.

Ile kubwa inayoelekea kijani, ichunguze kwenye mlango. Fungua mlango na utazame ukingo wa ndani wa fremu, mahali ambapo mwanga haufiki mlango ukiwa umefungwa. Inua mkia na utazame ukingo wa chini. Halafu linganisha na paa na mabega ya mbele. Kama samawati ya fremu ni safi na ya paa ina ukijani, basi kiwanda hakina kosa: vanishi inayofunika rangi imeanza kuwa ya njano kwa mwanga na umri, na njano juu ya samawati hutoa ukijani. Hilo huonekana mapema zaidi kwenye modeli zilizokaa kabatini upande wa dirisha. Kama fremu na paa viko sawa, basi ndivyo ilivyotoka kiwandani na unaweza kuihukumu.

Ile ndogo inahitaji maelezo marefu kidogo. Modeli ya 1:43 ukiishika sentimita 30 kutoka jichoni, unalitazama gari kana kwamba umesimama karibu mita 13 kutoka kwake. Ya 1:18 kwa umbali huo huo ni kama mita 5.4. Gari halisi likiwa mbali, hewa na mwanga wa mazingira huipunguzia rangi ukali wake, na pia eneo dogo la rangi huonekana jeusi zaidi kuliko eneo kubwa la rangi ile ile. Ndiyo sababu mafundi wengi wa modeli huongeza nyeupe kidogo kadiri skeli inavyokuwa ndogo. Wapo wanaolipinga jambo hili kwa nguvu, na wanasema rangi ni rangi. Kwa maoni yangu, katika 1:18 hakuna haja. Katika 1:43 na ndogo zaidi, kulainisha kidogo kunasaidia, hasa kwa rangi zilizokolea. Kwa hiyo kupauka kwa ile ndogo peke yake nisingekuita kosa. Tatizo ni uzambarau. Buluu ikiongezwa nyeupe, jicho la binadamu huiona ikisogea upande wa zambarau hata kama buluu yenyewe haikuguswa, na mchanganyaji makini hurudisha kwa tone dogo la kijani. Huenda aliyechanganya ya kwako aliongeza nyeupe akaishia hapo. Nia ilikuwa njema, kazi ikabaki nusu.

Mstari wa chungwa ni rahisi zaidi kuueleza. Chungwa huruhusu mwanga kupita. Ikichapwa moja kwa moja juu ya samawati, samawati hujitokeza chini yake na matokeo ni ukahawia. Kiwanda kinachojali huchapa kwanza mstari mweupe, kisha chungwa juu yake. Chukua kioo cha kukuza na utazame ukingo wa mstari: ukiona uzi mwembamba sana mweupe uliotokeza pembeni, nyeupe ipo. Pia tazama kama kuna mahali chungwa linapita juu ya sehemu nyeupe. Kama hapo ni kali na penginepo ni kahawia, umepata jibu. Hili ni kosa la kiwanda bila ubishi, kwa kuwa hakuna picha ya 917 yoyote ya Gulf itakayokuonyesha mstari wa kahawia.

Kwa kuwa unakusanya, nidokeze na rangi zenye chembe za alumini, ingawa 917 yako haihusiki. Chembe ya alumini ndani ya rangi ya gari halisi huwa na upana wa makumi ya maikromita. Tuseme 30. Mtengenezaji akitumia rangi hiyo hiyo ya dukani kwenye modeli ya 1:43, kila chembe inakuwa sawa na kipande cha milimita 1.3 kwenye gari kamili, na gari linaonekana kana kwamba limemwagiwa pambo za sherehe. Fedha za Mercedes za miaka ya 1950 huharibiwa hivi mara nyingi. Rangi ya fedha iliyo sahihi kwenye modeli inapaswa kuonekana karibu kama metali laini, bila chembe kuhesabika. Hot Wheels za kwanza za mwaka 1968 zilikuwa na rangi angavu zilizopakwa juu ya metali iliyong'arishwa, na bado zinanipendeza sana, lakini hizo zilikuwa vichezeo na hazikudai kuwa nakala ya rangi ya gari lolote.

Sasa umbo, ambalo kwa kweli lingestahili kutangulia, kwa sababu umbo hupimika na halibadiliki kwa taa. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia umbali mdogo kwa usahihi. Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kwa Porsche 917 ni milimita 2300. Ugawe kwa 18 upate 127.8, ugawe kwa 43 upate 53.5. Ya kwako ndogo ikipima 55, basi kwa kweli ni ya 1:42 kwa kipimo hicho, na lazima uangalie kama urefu na upana navyo vimeongezeka kwa kiasi hicho hicho. Modeli iliyokosea skeli kwa usawa pande zote inasameheka kuliko ile iliyo sahihi kwa urefu na nene kwa upana. Usipime hivi vigari vidogo vya Matchbox au Hot Wheels vya kawaida, maana hivyo kwa desturi hutengenezwa vienee kwenye boksi lake, na skeli hubadilika kutoka gari hadi gari. Skeli ya 1:43 yenyewe ilirithiwa kutoka treni za kuchezea za Uingereza zilizotumia milimita 7 kwa kila futi.

Umuhimu wa kipimo hiki utauona vizuri kwenye Porsche 911. Za kwanza zilikuwa na milimita 2211 kati ya ekseli. Kuanzia matoleo ya mwaka 1969 gurudumu la nyuma lilirudishwa nyuma na umbali ukawa 2268, ilhali urefu wa gari ulibaki ule ule. Tofauti ni milimita 57, yaani milimita 3.2 kwenye modeli ya 1:18. Hiyo inaonekana kwa macho. Kiwanda kinachotumia kalibu moja kutolea 911 ya 1965 na ya 1973 lazima kimekosea mojawapo, hata rangi na beji zikiwa safi namna gani.

Baada ya hapo tazama kimo na jinsi gari lilivyokaa juu ya magurudumu. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko penginepo. Modeli nyingi hukaa juu mno. Milimita 2 za ziada chini ya modeli ya 1:18 ni sawa na milimita 36 kwenye gari, na kwa 1:43 ni milimita 86. Gari la mashindano lililoinuliwa hivyo limepoteza sura yake yote. Rimu za 917 zilikuwa za inchi 15, yaani karibu milimita 21 kwa 1:18 na karibu 9 kwa 1:43, ukingo wa nje ukizidi kidogo. Za nyuma ziwe pana waziwazi kuliko za mbele. Modeli yenye magurudumu yanayolingana mbele na nyuma imefanywa kwa haraka.

Mikunjo ya bodi haipimiki kwa kalipa, kwa hiyo utatumia picha. Wengi huikaribia modeli kwa simu, hupiga picha, halafu hushangaa pua kuwa kubwa. Umbali lazima nao upunguzwe kwa skeli. Kama picha ya gari halisi ilipigwa kutoka mita 10, modeli ya 1:18 ipigwe kutoka sentimita 56, na ya 1:43 kutoka sentimita 23, kwa urefu ule ule wa lenzi. Lenzi iwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyepunguzwa kwa skeli hiyo hiyo: kama mpiga picha alisimama, kamera yako iwe sentimita 9 hivi juu ya meza kwa modeli kubwa. Kisha weka picha moja juu ya nyingine kwenye programu, ifanye ya juu ipitishe ile ya chini, na ufuate mstari wa paa, kilele cha kila tao la gurudumu, na mteremko wa kioo cha mbele. Kwenye 917 mimi huangalia zaidi jinsi tao la mbele linavyopanda juu na kisha kushuka kuelekea mlango. Mkunjo huo ukilainishwa kidogo tu, gari huonekana limelala usingizi.

Halafu toleo. Namba 20 ya 1970 ilikuwa na mkia mfupi, bila mapezi ya wima nyuma. Mapezi yale ni ya 1971. Ukiyakuta kwenye modeli yako, ni bodi ya mwaka mwingine iliyopewa namba ya 1970. Kiti cha dereva kiwe kulia. Na kwa kuwa milango yako inafunguka, chungulia kirungu cha gia: kwenye gari halisi kilikuwa cha mti wa balsa ili kupunguza uzito, basi kama kwenye ya 1:18 kimepakwa rangi ya mbao, ujue aliyesimamia kazi alisoma kabla ya kuanza.

Yapo ya kusamehe. Mwanya kati ya mlango na bodi kwenye gari la barabarani huwa milimita 4 hivi, ambayo kwa 1:18 ni milimita 0.2. Milango ya zinki inayofunguka haiwezi kufikia hapo kwa urahisi, kwa kuwa kalibu inahitaji kuta zenye mteremko ili kipande kitoke, na rangi huongeza unene pande zote. Nguzo za madirisha nazo huwa nene kwa sababu hiyo hiyo. Modeli za resini zina kingo nyembamba zaidi, lakini kwa kawaida hazifunguki. Nikikuta mwanya mpana wa mlango na umbo sahihi la paa, naichukua bila kusita. Kinyume chake naiacha.

Sasa hilo la kupaka upya. Usifanye, kwa modeli yoyote kati ya hizo mbili. Ukiondoa rangi unaondoa pia maandishi yote madogo yaliyochapwa kwa pedi (muhuri laini) juu yake, na hakuna stika utakazokata mwenyewe zitakazofikia ukali wa herufi zile. Unene nao ni tatizo: tabaka la rangi la milimita 0.1, unene wa kawaida kwenye gari halisi, juu ya modeli ya 1:43 ni sawa na kupaka gari milimita 4.3 za rangi, na mistari ya milango na matundu ya hewa huzibwa. Tena modeli iliyopakwa upya na asiye fundi wa kazi hiyo hushuka thamani mbele ya kila mkusanyaji mwingine, na haina njia ya kurudi.

Kama fremu ya mlango wa ile kubwa itaonyesha kwamba vanishi imepata unjano, iondoe dirishani na uiweke mahali pasipo na jua wala unyevu, unjano usiendelee. Usijaribu kuing'arisha kwa dawa ya kusugua kabla ya kujua kama maandishi yako chini ya vanishi au juu yake, kwa maana yakiwa juu yatatoka na kitambaa. Ile ndogo, kinachonisumbua mimi ni mstari, si samawati. Stika za chungwa zenye nyeupe chini yake zinaweza kubandikwa juu ya mstari uliopo bila kugusa rangi, ila duara la namba na maandishi yanayokaa juu ya mstari yatafunikwa na utahitaji seti nzima, si mstari peke yake. Jaribu kwanza kwenye modeli mbovu usiyoijali. Seti ikikushinda, iache ilivyo, na siku ukikutana na 1:43 nyingine ya gari hilo, iweke juu ya karatasi ile ile ya kijivu kivulini pamoja na hii kabla hujaamua kuachana na yoyote.